Kamera za SLR zinaachwa: nichukue 6D iliyotumika, au nijikaze hadi mirolesi?

BintiWaBuzuruga aliandika:

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Nina swali la kamera. Naliuliza huku kwa sababu hapa Mwanza kila ninayemuuliza ananijibu kulingana na alichonacho kabatini.

Napiga picha za harusi, send-off, kitchen party na mahafali. Wateja wangu wengi wako Buzuruga, Nyakato na Igoma, mara mojamoja Nyegezi wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wakimaliza. Nina Canon 700D, lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, 50mm f/1.8, flashi moja ya Kichina na betri mbili. Mchana hainipi shida, hata pale kwenye mawe Capri Point jua likiwa kali. Kazi ni usiku ukumbini. MC kawasha taa za bluu na zambarau, bwana harusi suti nyeusi, mimi nimepandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, hadi 6400, na picha inatoka na chenga tupu. Kuna mama wa bibi harusi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama zile nilipiga kwa simu.

Kikoba chetu kinavunjwa mwisho wa mwezi, nategemea milioni moja na nusu hivi. Nimepewa njia tatu. Duka moja lina Canon 4000D mpya ya boksi, muuzaji anasema, "Yako ni ya 2013, hii ni ya 2018, sasa unauliza nini tena?" Kijana mmoja ana 6D bodi tupu, yaani bila lenzi, used ya Dubai. Na binamu yangu aliye Dar anasema nisiguse SLR yoyote, yaani hizi zenye kioo cha kuakisi ndani kama yangu, kampuni zimeshazitupa, niongeze hela nichukue mirolesi, hizi zisizo na hicho kioo.

Mimi kinachonichanganya ni hizo namba. 600D, 650D, 700D, 750D, 4000D, 6D, 5D Mark sijui ngapi. Kila ukigeuka kuna toleo jipya. Mtu anajuaje kama amenunua kamera au amenunua namba? Na ni kweli zimeachwa?

---

MzeeWaNegativu alijibu:

Marahaba mwanangu. Kaa vizuri, jibu langu ni refu. Nilikuwa na studio karibu na Makoroboi enzi za filamu, nimeziona hizi namba tangu zinaanza.

Kwanza hiyo 4000D, tuimalize haraka. Usinunue. Ni kweli imetoka miaka mitano baada ya yako, lakini ni ya chini kuliko yako. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ya megapikseli 18, sawa na 700D. Skrini ni ndogo, haikunjuki wala haiguswi, ya kwako inakunjuka na inaguswa. Yako ina pointi 9 za fokasi na zote ni za msalaba, yaani zinasoma mistari ya wima na ya ulalo. Ya kwao ni 9 pia lakini ya katikati tu ndiyo ya msalaba. Na pale lenzi inapofungwa wameweka plastiki, wakati ya kwako ni chuma. Sasa huyo muuzaji anayekusomea mwaka wa kutoka ungemwambia akusomee na hayo.

Namba za Canon zina utaratibu wake, ukiujua hutapigwa tena. Tarakimu zikipungua, cheo kinapanda. Tarakimu nne, kama 2000D na 4000D, ni za chini kabisa. Tatu, kama 700D yako, ni za wanaoanza. Mbili, kama 80D, ni za kati. Moja, yaani 7D, 6D, 5D na 1D, ndizo za kazi. Mwaka unafuata baadaye, kwanza tazama cheo. Nikon wao wamevuruga: D3500 iko chini, D7500 kati, D750 na D850 juu, halafu D6 juu ya zote. Huko usiende, una lenzi za Canon.

Sasa hii biashara ya toleo jipya kila mwaka. Tazama ukoo wa kamera yako: 550D ilitoka 2010, 600D 2011, 650D 2012, 700D 2013. Miaka minne, kamera nne, na zote megapikseli 18. 600D ilileta skrini ya kukunjuka, 650D ikaleta ya kuguswa, 700D ikaleta, kwa kweli, kidogo sana. Mwenye 650D aliyekimbilia 700D alinunua namba, kama ulivyosema mwenyewe. Kampuni haikumdanganya, ilitaka tu kuwa na kitu kipya dukani.

Ukoo wa 5D haukuwa hivyo. Wa kwanza 2005, Mark II 2008, Mark III 2012, Mark IV 2016. Walikaa miaka mitatu minne, wakitoka wanatoka na kitu. Ya kwanza ilikuwa na megapikseli 12.8 na haikurekodi video kabisa. Mark II ikaja na 21 na video ya HD kamili, na hapo ndipo watu wa video za harusi walipozifungia kabatini zile kamera za kubeba begani. Hata hiyo, mwanzoni ilirekodi fremu 30 tu kwa sekunde, hadi 2010 Canon walipotoa programu mpya ya ndani, femuwea, ikaongeza 24 na 25. Yaani waliokwisha kuinunua waliboreshewa bure kwa kuunganisha kamera na kompyuta. Mark III ikaja na fokasi ya pointi 61, na nafasi mbili za kadi.

Mimi sheria yangu ilikuwa moja: nanunua ile iliyotoka kubadilishwa. Mark II ilipotangazwa, wenye haraka wakaanza kuuza 5D ya kwanza, nami nikachukua. Ilipotoka Mark III, nikachukua Mark II. Siku zote nilikuwa hatua moja nyuma na hakuna bibi harusi aliyewahi kugeuza kamera yangu kusoma namba.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na sharti ambalo wakati ule sikulazimika kulifikiria, kwamba kuna inayofuata. Lenzi zangu nilijua zitaingia kwenye bodi ijayo, na bodi ijayo itazaa nyingine. Mark V haikuja. Mwaka 2020 Canon walitoa 1D X Mark III na 850D, Nikon wakatoa D780 na D6, na tangu hapo hao wawili hawajatoa SLR mpya. Desemba 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri la kwao Japani kwamba 1D X Mark III ndiyo ya mwisho katika daraja lile la juu. Sony walikuwa wameshaziondoa zao mwaka huohuo. Pentax peke yao ndio wamekaidi, walitoa K-3 Mark III 2021 wakati wenzao wanafunga virago. Kwa hiyo binamu yako hakosei. Zimeachwa.

Anapokosea ni kudhani kuachwa na kufa ni kitu kimoja. Lenzi za EF, yaani za SLR za Canon, zimetengenezwa tangu 1987, zimejaa dunia nzima, na mirolesi za Canon, ziitwazo R, zinazipokea kwa adapta. Adapta yenyewe haina lenzi yoyote ndani. Kwenye SLR, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa kuna milimita 44, kwa sababu kioo kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Kwenye R ni 20. Adapta inajaza zile 24 zilizobaki na kupitisha mawasiliano ya umeme, basi, picha haipungui ubora. Ila ni tiketi ya kwenda tu. Lenzi mpya za R, ziitwazo RF, haziwezi kurudi kwenye SLR yako hata ufanyeje.

Kwa hiyo hesabu yako iwe hivi: pesa ya lenzi weka kwenye EF, zile za duara nyekundu, siyo EF-S za alama nyeupe, zilizotengenezewa sensa ndogo kama ya 700D. Bodi nunua iliyoshuka bei. Siku ukivuka kwenda R, bodi unaiacha, lenzi unavuka nazo.

Na bodi hiyo kwa shida yako ya ukumbini ni 6D. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, eneo lake ni mara mbili na nusu na zaidi ya sensa ya 700D, na hapo ndipo chenga zinapopungua. Pointi yake ya katikati inashika fokasi kwenye giza la EV −3 (EV ni kipimo cha mwanga), Canon wenyewe wanalinganisha na mwanga wa mbalamwezi. ISO 6400 utaipiga bila kuomba radhi.

Faida nyingine hawakuambii. Hiyo 50mm yako kwenye 700D inaona kama 80mm, ndiyo maana kitchen party za sebuleni unarudi nyuma mpaka unagusa kabati la vyombo. Kwenye 6D itakuwa 50 kamili.

---

RiliTu alijibu:

Mzee shikamoo, heshima yako iko palepale, ila hapa umemuuzia dada kamera ya 2012 kwa kazi ya leo.

6D ina pointi 11 tu za fokasi, zote zimekusanyika katikati. Bibi harusi anaingia ukumbini anatembea, uso wake uko juu ya fremu, unafanyaje? Unashika fokasi katikati, unasogeza kamera, unapiga. Kwa f/1.8, lenzi ikiwa wazi kabisa na sehemu iliyo kali ikiwa nyembamba, katika kusogeza huko jicho limeshatoka nje, umepata hereni kali na jicho la ukungu. Kamera kama R8 ya 2023 inalitafuta jicho yenyewe, popote lilipo kwenye fremu, inang'ang'ana nalo hadi ukumbi mzima ukae. Kinachoonekana kwenye kitundu cha kutazamia ndicho kitakachotoka, kama picha imeungua kwa mwanga unaona kabla hujabonyeza. Kanisani unaweza kupiga kimya kabisa, padri hakuangalii kwa jicho lile.

Na video je? Siku hizi mteja anataka rili ya sekunde 30 kabla keki haijakatwa. 6D ikirekodi haimfuati mtu kwa fokasi, ni mkono wako. Mwanza ya sasa hivi ukisema hufanyi video unaachiwa mahafali ya chekechea.

Dada, ongea na kikoba wakukopeshe.

---

MzeeWaNegativu alijibu:

Marahaba kijana. La jicho nakubali, na la video nakubali zaidi. Ningekuwa na umri wako na wateja wako ningeshavuka.

Lakini mwenzio ana milioni moja na nusu, na bei ya R8 bodi tupu haishuki hadi huko hata kwa kubembeleza. Tena tazama betri. R8 inatumia LP-E17, betri ndogo ileile ya 750D, na kwa kipimo rasmi cha Wajapani inatoa picha 290 hivi ukitumia skrini, ukitazama kwenye kitundu zinapungua zaidi. 6D ni zaidi ya 1,000. Umeme ukikatika Igoma saa kumi na mbili jioni na jenereta ya ukumbi imeshikwa na DJ, utachajia wapi?

Na kuna gharama ambayo hamkuitaja wote. Binti, kompyuta yako ina Lightroom gani, ile programu ya kuhariri picha?

---

BintiWaBuzuruga alijibu:

Mzee ni ile Lightroom 6, laptopu yenyewe ya zamani, nikifungua picha nyingi feni inalia kama mashine ya kusaga.

Na RiliTu kaka yangu, asante, ila sikopi. Kikoba chenyewe ndiyo kwanza namaliza deni la friji.

---

MzeeWaNegativu alijibu:

Basi. 6D inaandika faili ghafi za CR2, kama 700D yako, Lightroom 6 inazifungua. Canon walipoingia faili mpya za CR3 mwaka 2018, Lightroom 6 ilikuwa imeshaacha kupokea masasisho, haizijui kabisa. Ukinunua mirolesi ya R leo na ukataka kufungua faili zake moja kwa moja kwenye Lightroom, kesho unahitaji mpya ya kulipia kila mwezi, na kesho kutwa unahitaji laptopu ya kuibeba hiyo programu. Hapo kamera moja imekuwa vitu vitatu.

---

FundiLenzi alijibu:

Habari zenu. Mimi ni fundi, nipo Kirumba. Niseme upande wangu kwa sababu nyie mnazungumzia kamera nzima, mimi naziona zikiwa zimepasuliwa mezani.

Dada, mzee hajakuambia jambo moja: hiyo 18-55 haiingii kwenye 6D. Ni EF-S, ile alama nyeupe. Haifungi kabisa. Kwa hiyo ukinunua 6D bodi tupu utabaki na 50mm peke yake mpaka upate lenzi nyingine pana, mfano 24-105. Kama hilo linakuumiza, tafuta 80D ya 2016. Lenzi zako zote zinaingia, ina pointi 45 zote za msalaba, skrini inakunjuka, na kwenye video inamfuata mtu kwa fokasi vizuri sana. Gizani iko juu ya 700D lakini haifiki 6D. Uchague unachokikosa zaidi.

Halafu mtu asije akakuuzia 250D kwa sababu ni ya 2019 na ni nyepesi. Canon waliondoa ile pini ya katikati pale flashi inapokaa. Flashi ya Kichina inayotegemea hiyo pini haiwaki. Watu wamekuja kwangu wakidhani flashi imekufa.

Kuhusu spea. Kampuni ikishaacha kutengeneza bodi, spea zake mpya nazo zinaisha baada ya muda, na hapo sisi mafundi tunabaki kunyofoa kwenye bodi zilizokufa. Kwa 6D na 5D Mark III hizo bodi ni nyingi, ziliuzwa sana. Shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga picha, bado naipata. Ninaowaonea huruma ni wenye kamera zilizouzwa chache, zikivunjika kitu ni kusubiri mwenzake afe.

Kingine ni ziwa. Lenzi inayolala Ukerewe, Kayenze au hata hapa Kirumba karibu na Mwaloni, ikifungiwa ndani ya begi lililolowa jasho, inaota kuvu. Zinaanza kama utando wa buibui pembeni mwa kioo, nje huoni kitu. Nasafisha lenzi za kuvu kuliko ninavyobadilisha shata. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu usitupe, weka kwenye begi, na siku usipokuwa na kazi liache wazi sebuleni.

---

BintiWaBuzuruga alijibu:

Fundi asante sana, hilo la 18-55 lingeniua. Yule kijana anayeuza 6D alisema "lenzi zako zote zinaingia".

Nimewaza usiku kucha. Video sifanyi, kuna jirani yangu anafanya na huwa tunagawana kazi. Shida yangu ni giza. Nikichukua 6D na 50mm, halafu 700D nikaiacha na 18-55 shingoni kwa picha za kundi, si nitakuwa na mbili kwa mara moja? Baadaye nikijaliwa nitafute hiyo 24-105.

Sasa nikaguaje ya huyo kijana? Anasema imepiga picha "elfu kumi tu".

---

FundiLenzi alijibu:

Mbili kwa mara moja ni sawa kabisa, na ndivyo inavyotakiwa kwa harusi, kwa sababu 6D ina nafasi moja tu ya kadi, ikifa huna nakala. Ila betri hazishirikiani, 700D ni LP-E8 na 6D ni LP-E6, kwa hiyo utabeba chaja mbili.

Hiyo elfu kumi asikuambie kwa mdomo. Nikon huandika idadi ya mibofyo ndani ya picha yenyewe, yeyote anaisoma. Canon kwa kamera kama hiyo hazifanyi hivyo, mpaka uunganishe waya kwenye kompyuta yenye programu ya kuisoma. Shata ya 6D Canon wameipima kwa mibofyo 100,000. Ikiwa imefika elfu 80 usiikimbie, punguza bei. Nimeona zilizovuka laki na zinadunda.

Ukikutana naye nenda na kadi yako, lenzi yako na flashi yako. Funga lenzi hadi f/16, piga anga jeupe au ukuta mweupe, kuza picha kwenye skrini utazame madoa. Vumbi nitakusafishia, mkwaruzo siwezi. Piga ukuta wenye maandishi kwa pointi ya katikati, kwa f/1.8, uone kama herufi ulizolenga ndizo zilizo kali. Washa video dakika kumi, kamera ikizima yenyewe au ikitoa mistari, rudisha. Fungua mlango wa betri, kukiwa na ukijani kwenye vyuma hiyo imeingia maji, hata kama ni ya Dubai.

---

MzeeWaNegativu alijibu:

Na usikutane naye jioni. Mwambie saa nne asubuhi, mahali penye watu, kama pale Rock City Mall. Hela usiibebe mkononi, utamlipa kwa simu baada ya kukagua. Akikataa fundi asiunganishe waya, ondoka, used za Dubai zinaingia kila wiki.

---

RiliTu alijibu:

Dada ukiichukua nistue. Nina lenzi ya 40mm f/2.8 ya EF, siitumii tangu nivuke kwenda mirolesi, iko kwenye droo. Siyo ya bure lakini hatutagombana.

---

BintiWaBuzuruga alijibu:

Kaka, ina kuvu?

---

RiliTu alijibu:

Ipeleke kwa Fundi kwanza aichungulie, ndiyo tuongee bei.